Ndugu, Mwinjilisti, Pasta, Nabii, Apotre ao Askofu: unapoanza huduma uchague cheo gani?

Tembea Kadutu ao Panzi, hapa Bukavu, siku ya Jumamosi mangaribi, uangalie banderoli za seminere na kampanye za injili. Jina ya kanisa iko kidogo kule juu, jina ya mtumishi iko kubwa katikati, na mbele ya ile jina kuna mzigo mzima, Apotre (mtume), Dokta, Bishop, Visionere (mwenye maono), yote kwa mstari moja mpaka mwenye kuchora amekosa nafasi ya kuandika saa ya kuanza. Bukavu tumezoea. Hakuna mtu anacheka tena.

Mimi naandika hii kwa ajili ya mtu anayeanza. Uko na watu kumi ao kumi na tano kwenye salon ya mtu, munaomba Jumatano na Jumapili, sono (vyombo vya sauti) hamuna, viti munaazima kwa jirani, na sasa watu wameanza kuuliza: papa, tukuite nani? Swali ni ndogo lakini jibu yake itakufuata miaka mingi, ndio maana nimepanga vyeo hivi moja pembeni ya ingine na nitasema wazi ni gani ningechukua.

Kila cheo napima kwa mambo yale yale. Nani amekupa. Nani anaweza kukunyang'anya. Kazi yake siku ya Jumatatu ni nini, ju Jumapili kila mtu ni mtumishi. Na siku ukitaka kushuka, utashuka aje? Hii ya mwisho watu wanaisahau. Kupanda ni rahisi, kanisa itapiga makofi na kuimba, lakini mie sijaona bado Apotre aliyesimama mbele ya kanisa yake akasema kuanzia leo muniite mwinjilisti.

Ndugu

Tuanze na ya chini kabisa, yenye haina gharama. Yesu mwenyewe aliisema, Mathayo 23:8, "nanyi nyote ni ndugu", na pale pale akakataza watu kupenda kuitwa Rabi. Paulo naye, mtu mkubwa vile, Petro anamwita tu "ndugu yetu mpenzi Paulo" kwenye barua yake ya pili. Kwa mtu wa watu kumi kwenye salon hii jina inatosha kabisa. Faida yake kubwa ni moja: watu wanakukosoa bila kuogopa. Mama mmoja anaweza kukuambia ndugu, leo umehubiri mrefu sana watoto wamelala, na wewe unasikia. Siku ukiwa Apotre hakuna mama atakuambia vile.

Shida yake iko kwenye vilio na harusi. Familia ikipoteza mtu inataka mwenye atasimama pale kaburini mbele ya wajomba kutoka Walungu na Kabare, na mjomba akiuliza huyu ni nani, "ni ndugu fulani" haimtoshei. Kwa hiyo Ndugu inafaa mwanzo, lakini kanisa ikianza kuzika na kufungisha ndoa itakuomba kitu zaidi.

Halafu usidhani jina ndogo ndiyo unyenyekevu. Angalia makanisa ya Message, wale wanaofuata mafundisho ya William Branham, mhubiri wa Marekani aliyekufa 1965, wako wengi sana hapa Congo. Wanaitana ndugu na dada, hata yeye mwenyewe wanasema Ndugu Branham, na bado wanamhesabu kuwa nabii wa nyakati za mwisho ambaye neno lake halipingwi hivi hivi tu. Sisemi hayo kuwashambulia, nina jamaa mule ndani. Nasema tu kwamba jina fupi inaweza kubeba mamlaka mrefu.

Mtumishi

Hii nitapita haraka. Kwa maandishi ni nzuri, kwa mdomo imeshaharibika. Siku hizi mtu akisema "Mtumishi wa Mungu amefika" anamaanisha fungueni portail, leteni kiti ile ya salon yenye kitambaa cheupe. Na haikuanza jana: Papa wa Roma anabeba jina ya mtumishi wa watumishi wa Mungu tangu enzi ya Gregori wa Kwanza, karne ya 6, na hakuna mtu amewahi kusahau nani ni mkubwa kwa ile nyumba. Ukiipenda itumie, lakini usijidanganye kwamba umechagua kitu ya chini.

Mwinjilisti

Kwangu hii ndiyo inadharauliwa bure. Kwenye jumuiya zetu za Kiprotestanti, CEPAC, CELPA, CBCA kule Goma, mwinjilisti ni mtu ametumwa mahali, mara nyingi mahali hapana kanisa bado, na kuna mtu juu yake anamuuliza habari. Wewe ukiwa unaanza kikundi Bagira ao Chimpunda, si ndiyo kazi yako kabisa hiyo? Unatafuta watu nyumba kwa nyumba, unahubiri sokoni, unarudi jioni na sauti imekatika. Jina na kazi vinakutana. Na ukikua unapanda kuwa pasta bila aibu, ju kila mtu anajua mwinjilisti ni ngazi ya kupandia. Vijana wanaikimbia kwa sababu moja tu, inaonekana kama cheo ya mtu hajamaliza.

Pasta

Hapa nataka kukaa kidogo, ju wengi wetu tutamalizia hapa.

Pasta ni cheo yenye mji mzima unaielewa. Nilikuwa kwenye mlango wa hospitali moja hapa kwetu, saa ya kutembelea wagonjwa imeshapita, akafika mtumishi mmoja na suti nzuri. Nesi akamuuliza, "Papa, we ni nani kwa mgonjwa?" Akajibu kwa sauti, "Mimi ni Apotre na Visionere wa kanisa fulani." Nesi hata hakuinua kichwa kwenye daftari yake. "Sawa papa, lakini we ni wa familia ao ni pasta yake?" Akanyamaza kidogo, kisha: "Pasta." "Haya ingia, dakika tano tu."

Nesi, polisi, mwenye parsele, prefe wa masomo, wote wanajua kitu moja, pasta. Na wanajua kazi yake: anazika, anabatiza, anaombea, anapatanisha bwana na bibi saa tano za usiku, anakosa usingizi juu ya mtoto wa mtu. Cheo hii inakubebesha Jumatatu, Jumanne mpaka Jumamosi. Kama hutaki simu za usiku, usiichukue.

Lakini nani anakupa? Hapa ndio watu wanateleza. Kwenye jumuiya kubwa kuna shule ya Biblia ao fakulte ya teolojia, kama kwenye universite ya UEA hapa Bukavu ao ULPGL kule Goma, kuna muda wa kujaribiwa, kisha wachungaji wengine wanakuwekea mikono mbele ya kanisa. Kwenye kanisa ya revei (uamsho) unaweza kulala mwinjilisti ukaamka pasta, na sharti ni moja tu, kuwa na mikro. Kama umeanza peke yako basi nenda utafute wachungaji wawili watatu wenye wanakujua, wenye hawakuli kwenye matoleo yako, uwaombe wakuangalie mwaka mzima na ndipo wakuwekee mikono. Mtu aliyekupa ndiye anaweza kukuuliza. Ukijipa mwenyewe, siku ukianguka hakuna mtu atakuja kukuinua, watakuja tu kugawana kondoo.

Mzee

Kuna watu hawafikirie hii kabisa na mimi naona ni hasara. Petro, yule yule, anaandika kwa wazee na anajiita "mzee, mwenzi wao", 1 Petro 5. Paulo kule Mileto aliita wazee wa kanisa ya Efeso, Matendo 20, na akawaambia kwamba Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi wa kundi. Watu wale wale, kazi ile ile, na kila mara wako wengi. Mzee moja peke yake hayuko kwenye ile stori. Hii ndio uzuri wa cheo hii, haiwezi kukaa kwa mtu moja, inakulazimisha kuwa na wenzako. Ubaya wake, kama uko na miaka 26 na ndevu hazijaota vizuri, watu watacheka kidogo, na hapa Congo ukisema Mzee peke yake kuna wenye watafikiri unasema juu ya Kabila baba, prezida wa zamani.

Sisi wa Bukavu tuko na mfano yetu. Christophe Munzihirwa alikuwa askofu mkuu wa Katoliki, Mjezuiti, alikuwa na vyeo vyote vyenye unaweza kupewa na Roma kwa mji kama huu. Aliuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, wakati wa vita, alikataa kukimbia na kuacha watu. Mpaka leo, Wakatoliki na hata sisi tusio Wakatoliki, tunasema Mzee Munzihirwa. Cheo ilitoka Roma. Ile ingine ilitoka kwa watu wenye aliwabakilia.

Nabii

Hii ndiyo inajaza kanisa haraka kuliko zote na ndiyo yenye hatari kuliko zote, na sisemi kwamba unabii umeisha, mimi naamini karama. Lakini tofautisha karama na cheo. Wabinti wanne wa Filipo walitabiri, Matendo 21, na Luka hakuwapa cheo hata kidogo.

Ukiandika Nabii kwenye afishi, Jumatano asubuhi kutakuwa mstari mbele ya mlango yako. Huyu anatafuta visa, huyu bwana yake amepotelea Kamituga kwenye dhahabu, huyu mtoto yake anaanguka kifafa. Kila mtu anataka kusikia kitu, leo hii, na ameleta bahasha. Sasa siku Mungu amenyamaza utasema nini? Mtu mwenye anaitwa pasta anaweza kusema mama, sijui, tuombe pamoja na twende kwa daktari. Mtu mwenye anaitwa nabii hana ruhusa ya kusema sijui, cheo yake imeshamnyima. Pale ndipo watu wazuri kabisa, watu wenye walianza na moyo safi, wanaanza kubuni. Paulo aliweka breki kwenye 1 Wakorintho 14, manabii wanene wawili ao watatu na wengine wapambanue. Kama kanisa yako haina watu wa kupambanua, wenye wanaweza kukwambia Jumapili ile neno yako haikutimia, usiguse hiyo jina. Iache ikae kama karama, mtu akionyeshwa kitu itafanya kazi bila afishi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Apotre na Askofu

Hivi viwili watu wanavichanganya, wengine wanabeba vyote pamoja. Tuvitenganishe.

Apotre ni mtu ametumwa. Basi ulizo ya kwanza, nani alikutuma? Angalia Antiokia, Matendo 13. Barnaba na Sauli walikuwa tayari wanafundisha ndani ya ile kanisa, watu wakafunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Jina "mitume" juu yao inakuja kwenye sura ya 14, wakiwa tayari barabarani, wameshafukuzwa Antiokia ya Pisidia, na kule Listra watamwaga mawe juu ya Paulo. Kazi ilitangulia. Na yeye Paulo, baada ya hayo yote, anaandika kwamba ni mdogo katika mitume na hastahili kuitwa mtume. Kuna wazee wachache najua, wenye walipanda makanisa kule Shabunda na Fizi kwa miguu, malaria mwilini, na kama kanisa zile zinawaita apotre mimi nanyamaza. Lakini mwenye kanisa moja ya mbao, kwa mtaa moja, yenye watu walitoka kwa kanisa ya jirani? Ametumwa wapi, kuvuka barabara?

Askofu iko tofauti, ni cheo ya kuangalia, na Biblia haikukataza kuitamani, 1 Timotheo 3 inasema ni kazi njema. Lakini ile sura ile ile mstari wa 6 inasema asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Na kwa desturi ya makanisa yenye yamekuwa na maaskofu siku zote kuna mfumo nyuma yake. Wametodisti wa Lubumbashi, askofu wao anachaguliwa kwenye mkutano, watu wanapiga kura. Waanglikana wako na dayosisi yao hapa hapa Bukavu. Askofu mkuu wa Katoliki wa Bukavu, jimbo yake kuu inabeba madayosisi ya Goma, Uvira, Butembo-Beni, Kasongo na Kindu. Sasa wewe unaandika Archbishop, uko na matawi ngapi? Kama jibu ni moja na nusu, ile nusu ikiwa ni shambre ya maombi kwa nyumba ya shemeji, basi hebu tungoje kwanza.

Kati ya viwili hivi, kwa mtu anayeanza, jibu yangu ni hakuna.

Dokta

Fupi tu. Mji huu uko na Docteur. Denis Mukwege, daktari aliyeanzisha hospitali ya Panzi, ni mtoto wa pasta, na yeye mwenyewe ni pasta, anahubiri, alipata Nobel 2018, na ukisimama Panzi ukasema "Docteur" kila mtu anajua ni nani bila kuuliza. Alisomea, anapasua, anashona, wagonjwa wako hai. Cheo yake inatoka kwenye mikono yake. Sasa ile diploma ya heshima yenye ulilipia kwa intaneti, kuiweka mbele ya jina yako kwa mji huu huu, mimi ningeona haya. Kama umefanya doktora ya kweli ya teolojia, andika, ni haki yako.

Na ile ya makaratasi

Watu wanasahau kwamba serikali haijali wewe ni apotre ao nani. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya ASBL, ndiyo inaangalia makanisa kama mashirika yasiyotafuta faida. Unapeleka statuti, orodha ya wenye kuanzisha, dosie inafika Justice (wizara ya sheria), na kwenye karatasi unaandikwa reprezantan legal, mwenye kusimamia kanisa mbele ya sheria. Basi. Hii cheo usiichanganye na ya kiroho. Inaweza kabisa kukaa kwa mtu mwingine, mama mmoja wa kanisa mwenye anajua makaratasi kwa mfano, na wewe ukabaki pasta.

Tena mimi naona unyenyekevu unapimwa hapa kuliko kwenye banderoli. Kama wewe ndiye mwanzilishi, ndiye reprezantan legal, ndiye unashika sanduku ya matoleo, mke wako ni trezorie na parsele ya kanisa imeandikwa kwa jina ya mtoto wako wa kwanza, hata ukijiita ndugu mdogo kuliko wote hiyo ni duka. Kinyume chake nimeona Bishop mwenye vyeo vitatu lakini komite yake inamkatalia pesa na anakubali, anatoka anacheka. Huyo simsumbui juu ya vyeo vyake.

Usisahau mama

Cheo yako inamvika na mke wako. Ukiwa pasta yeye ni Mama Pasta toka asubuhi ile, hata kama hakuitwa na hataki, na watu watamletea kesi zao. Kwa hiyo muulize kabla. Na kama anayeanza huduma ni mwanamke, mie naona hakuna haja ya kukimbilia Profetese, Mama peke yake ni kubwa sana kwetu. Debora alikuwa mwamuzi na nabii, lakini kwenye wimbo wake, Waamuzi 5, anajitaja tu "mama katika Israeli".

Sasa uchague gani?

Kama uko na kikundi cha maombi tu, hamuzike hamubatize, bakia Ndugu, na usiharakishe. Kama kanisa fulani imekutuma mtaa mpya, Mwinjilisti, na jina ya wenye walikutuma uitaje wazi. Kama watu wameanza kukupigia simu usiku juu ya wagonjwa na vilio, basi umeshakuwa pasta kwa kazi, tafuta wenye watakuwekea mikono ili uwe na kwa jina. Kama muko watatu ao wane wa umri mkubwa na munaongoza pamoja, muitwe wazee, na muache kutafuta nani ni wa kwanza. Nabii, hapana. Apotre na Askofu, ngoja wengine wakuletee, tena wengine wa nje ya kanisa yako, wale wa ndani wanakupenda sana hawawezi kukupima.

Wako wenye watasema washirika wa Ulaya na Marekani hawasaidie mtu bila cheo kubwa. Kwa yale nimeona mimi, wale wanauliza ripoti na hesabu, na wakisoma Apostle Doctor Archbishop kwenye barua ya kanisa ya watu arobaini wanashtuka kuliko kufurahi.

Na kama umeshachukua kubwa na sasa inakubana, inawezekana kushuka, lakini usifanye tangazo, ju tangazo ya unyenyekevu nayo inageuka sherehe. Ongea na wazee wako. Siku karatasi za entete (zenye jina ya kanisa na yako kule juu) zimeisha, zile mpya chapisha bila kile cheo. Anzia nyumbani, mke na watoto waache kukutaja hivyo kwa simu. Kisha umuone protokole wa kanisa, umwambie polepole pembeni, mara mbili mara tatu, ju yeye ndiye anashika mikro na mazoea yake ni magumu kuliko yako.